Gari la Safari Moja

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni kando ya cherehani, maana mezani hakuna nafasi. Pamejaa mapazia ya hoteli moja ambayo meneja wake hubadili mawazo kila anapoamka. Leo anataka marinda, kesho hataki. Hapa nyumbani hatujambo. Mama anakusalimu sana. Miguu inamsumbua kidogo, umri nao, lakini ulimi ni mzima kabisa. Juzi amemwambia jirani wa juu kwamba akiburuta tena meza yake atamtumia seremala aikate miguu.

Nimekupigia simu, hupokei. Mama naye amepiga. Ujumbe wa simu najua husomi, unasema herufi zake ni za sisimizi. Mama anasema labda umemkasirikia, kisha anacheka, lakini mimi namjua, kile si kicheko. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Sasa jambo lenyewe. Mama anataka kuja huko kwako. Si kusalimia na kurudi. Anataka kukaa, alale kwenye chumba chake cha zamani, aone kama mlango wa uani bado unalia. Basi hawezi kupanda. Mwezi uliopita tulijaribu gari la kukodi, hatukufika hata darajani. Lilikuwa linatetemeka hata likiwa limesimama. Akaniambia turudi, amesahau miwani. Miwani alikuwa ameivaa.

Mtaa wa pili kuna mwalimu mstaafu, anahamia kwa wanawe na anauza gari lake. Ni haibridi, yale magari yanayotumia petroli na umeme pamoja. Alitupa lifti kutoka dukani. Mama aliingia amekunja uso, na gari likaondoka injini haijawaka, polepole, kama mtu anayetoka chumbani mtoto amelala. Tulipofika nyumbani mama akaniuliza, "Mbona hili halinitikisi?" Tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya gari jingine.

Bei tumeelewana. Lakini gari limetumika miaka mingi, na gereji za hapa kila mtu anasema lake. Mmoja ameniambia betri ya haibridi ikifa, umenunua kabati. Fundi umeme wa magari katika ukoo huu ni wewe. Je, linafaa kununuliwa?

Nijibu mapema, tafadhali.

Mpwa wako wa mapazia


27 Februari

Bi Mapazia,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilinisubiri posta siku nyingi kabla sijaifuata, nisamehe. Mimi mzima. Gereji ipo, ila wateja wamepungua. Vijana siku hizi wanachomeka kompyuta kwenye gari, inawaambia pa kushika, basi wanashika. Sisi tuliozoea kuinamisha kichwa na kusikiliza tunaonekana kama tunasali.

Simu yangu ina hitilafu. Mwambie dada sijamkasirikia. Nimkasirikie kwa lipi? Tangu aliponivunjia baiskeli sijapata sababu nyingine ya maana. Mniandikie tu, naona raha kupata barua.

Kwamba anakuja! Hiyo sentensi niliisoma nimesimama pale posta, nikatafuta benchi nikaisoma tena. Chumba chake nimekijaza vyuma vya magari, alternata na stata mbovu, nitavitoa vyote. Mlango wa uani nitautia mafuta.

Sasa gari. Sikufichi, haya magari siyapendi. Gari lisilo na sauti linakujia mgongoni hujui. Lakini aliyeyatengeneza alikuwa na akili. Kuna betri kubwa imelala huko nyuma, karibu na kiti cha abiria. Hiyo betri ndiyo gari. Kilichobaki ni bati na viti. Ukitaka kuijua afya yake, mwombe mwalimu mkapande kilima kirefu, mchana wa jua, na mtu akae nyuma ili gari lisikie uzito. Tazama mistari ya chaji kwenye dashibodi. Ikishuka taratibu na kurudi taratibu, betri ni nzima. Ikianguka ghafla, au feni ya huko nyuma ikaanza kuvuma kama mtu mwenye homa, au taa ya onyo ikawaka, simama hapo hapo uniandikie.

Usitoe hata senti kabla sijasema neno. Sitaki dada yangu akae kando ya barabara anasubiri gari la kuvuta. Na haraka ya nini? Mvua zikiisha barabara itakuwa nzuri zaidi.

Ni mimi,
Mjomba


15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mapazia ya hoteli yamekwisha, meneja amelipa huku ananung'unika. Kwa mabaki ya kitambaa nimemshonea mama mito, mikubwa na midogo. Amejitengenezea ufalme. Hula kidogo siku hizi, anasema chakula changu kinamchosha kutafuna. Kliniki tunakwenda, tunarudi. Wauguzi wanampenda kwa sababu anawachekesha.

Tumekwenda kilimani na mwalimu, kama ulivyosema, mchana, jua kali, mama akiwa nyuma. Tulipoanza kupanda mistari ilikuwa imejaa. Katikati ya kilima ikaanguka karibu yote kwa mkupuo. Feni ikavuma kwa nguvu, na tulipofika juu taa ya onyo ikawaka, nyekundu. Mwalimu alishangaa kweli, anasema tangu alinunue hajawahi kuiona taa hiyo. Mama hakuona chochote. Alikuwa amelala usingizi. Mjomba, alilala njia nzima, na nyumbani hapati usingizi wa namna hiyo. Nilimwambia mwalimu azunguke tena mtaani bure ili asiamke.

Nakuomba uniambie hiyo taa maana yake nini, na kama inatengenezeka. Halafu swali jingine. Unajua kama kiti cha mbele cha magari haya hulala mpaka chini kabisa? Ni mimi tu ninayeuliza.

Mama anauliza simu imetengenezwa lini. Amekupigia tena jana na juzi. Anasema angalau iite mpaka ikatike, ajue ipo.

Mpwa wako


9 Aprili

Bi Mapazia,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari ya mito. Mwambie malkia asinenepe, mlango wa chumba chake ni mwembamba.

Nimesoma ulichoandika kuhusu kilima, nikaweka barua chini, nikaenda kunawa mikono, nikarudi kusoma tena. Mistari kuanguka kwa mkupuo, feni kuvuma, taa nyekundu. Mwanangu, hiyo betri inakufa. Ndani yake kuna vijumba vingi vya umeme, tunaviita seli, na vikianza kuchoka vingine, vilivyobaki hubeba mzigo wa wote, vinachemka. Leo itakufikisha juu ya kilima. Kesho itakuacha katikati. Mwalimu anaweza kuwa mtu mwema na asijue, watu wengi hawajui wanachoendesha.

Usilinunue. Najua litakuuma, maana dada amelipenda. Tutapata jingine. Nimewaambia mafundi wenzangu wafungue macho. Hakuna haja ya kukimbia.

Huku nimetoa vyuma vyote chumbani. Sakafu ina madoa ya grisi, nayasugua kila siku baada ya kazi, magoti yanalia. Dirisha nimelibadilisha kioo. Ukutani nafikiria kupaka kijani.

Kiti cha mbele kulala mpaka chini? Sijui, sijawahi kuulizwa. Wewe unataka kununua gari au kitanda?

Mjomba


22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Leo nitaandika kifupi, kazi ni nyingi na mama hataki nikae mbali na kitanda.

Nimeisoma barua yako nikalia, si kwa sababu yako. Naomba unijibu jambo moja tu, kama fundi. Hiyo betri unayosema inakufa, inaweza kwenda safari moja? Kuja kwako tu. Hata kurudi tuache. Mara moja, polepole, tukisimama kila inapochoka. Usiniambie habari ya miaka ijayo. Niambie kuhusu safari moja.

Mama ameniona naandika, anataka kusema. Naandika anavyotamka:

"Sikio, ni mimi. Huyu mwanangu anaandika huku amekunja uso, najua atanipunguzia maneno. Nimesikia umelikataa gari langu. Nani kakutuma? Wewe tangu utoto kazi yako ni kukagua. Ulimkagua hata mchumba wangu, ukaweka sikio mgongoni kwake mbele ya watu, ukasema kifua chake kina kelele. Kweli kilikuwa nayo, na nikaolewa naye hivyo hivyo, na sikujuta hata siku moja. Ukuta wangu usipake kijani, mimi si chura. Paka rangi ya maziwa. Na mlango wa uani usiutie mafuta, nakukataza. Uache ulie. Ndivyo nilivyokuwa nikijua umerudi nyumbani. Na simu upokee, mshenzi wewe, nimechoka kuzungumza na mlio."

Amecheka mpaka akakohoa. Sasa amelala.

Nijibu kuhusu safari moja. Nakuomba sana.

Mpwa wako


20 Mei

Bi Mapazia,

Marahaba, mwanangu, na umwambie malkia amri zake zimefika. Nilicheka peke yangu gerejini mpaka mteja akaniuliza kama gari lake lina kichekesho. Rangi ni ya maziwa, mikono miwili, bado inanuka kidogo lakini itaisha. Nimenunua godoro jipya, gumu upande mmoja na laini upande mwingine, achague mwenyewe. Mlango sijaugusa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na safari zangu za kwenda mjini, mambo ya daktari, madogo tu, usiwe na wasiwasi.

Sasa swali lako. Gari halinunuliwi kwa safari moja, Bi Mapazia. Hiyo inaitwa kukodi. Mtu ananunua gari ili limchukue leo, na mwakani, na siku atakapotaka kwenda kuona wajukuu. Dada akishakuja mara moja atataka kuja kila mara, namjua, hatatulia. Basi anunuliwe gari la kumleta kila mara. Nimesikia kuna daktari wa meno anauza la kwake, ni jipya zaidi, betri ilibadilishwa. Atakuwa tayari mvua zikikatika. Wakati huo hata mimi nitakuwa tayari zaidi. Nina sababu zangu, nitamwambia mwenyewe akifika, uso kwa uso, anicheke.

Vumilieni kidogo. Kizuri kinakuja.

Mjomba


11 Juni

Mjomba,

Sijui nianzeje. Mama amefariki.

Amefariki Jumanne asubuhi, kitandani kwake, nimemshika mkono. Alhamisi tumemzika. Nilikupigia kutwa nzima Jumanne na Jumatano, simu imezimwa kabisa. Ile namba ya duka la jirani yako uliyonipa zamani siku hizi ni ya mtu mwingine, hajui hata mtaa wenu. Tulikungoja mpaka tukashindwa. Barua hii sipeleki posta. Nampa dereva wa basi mkononi, ameniahidi atakuja mwenyewe kugonga mlango wako.

Ilikuwa saratani, imeingia kwenye mifupa. Tulijua tangu kabla ya mwaka kuanza. Miguu, umri, miwani, yote yale nilikuwa naandika huku najichukia. Alinikataza. Alisema, "Ukimwambia Sikio atakuja mbio, ataweka kiti hapo, atanitazama tu, wala hatakula. Mimi sitaki kutazamwa. Nataka nimwendee mimi. Nishuke kwenye gari, nimkute getini, nimtukane, ndipo nimwambie." Nikamwahidi. Kila mtikisiko ulikuwa unamchoma kwenye mifupa, ndiyo sababu basi lilimshinda, na lile gari la kukodi likamshinda. Gari la mwalimu peke yake halikumuumiza. Ndiyo maana nikakuuliza lile, sikukuuliza jingine.

Na betri, Mjomba, haikuwa mgonjwa. Barua yako ya Mei ilikuwa haijafika, nikawa nasubiri tu, mwalimu akaja siku moja na gari lake kutupeleka kliniki. Akanikuta napanga mito kwenye kiti cha nyuma ili mama alale. Akainua mto mmoja akaniambia, "Binti, siku ile ya kilima pia ulipanga hivi?" Nikasema ndiyo, na blanketi juu yake. Akanionyesha wavu mdogo pembeni ya kiti. Betri inavuta hewa kupitia pale. Niliuziba kwa mito yangu mwenyewe, nikaipandisha kilimani kwenye jua kali imezibwa pumzi, ikachemka. Tukaiondoa mito, tukapanda kilima kile kile, mama amekaa mbele, kiti kimelala. Mistari ilishuka taratibu na kurudi taratibu. Taa haikuwaka.

Mito sikukuandikia kwamba ilikuwa garini. Ungeniuliza mito ya nini, mchana, kwenye safari fupi vile. Nilificha mto, nikaficha na uzima wa gari.

Nililinunua siku ile ile. Lakini mama alikuwa ameshaishiwa nguvu. Daktari alisema barabara ile ndefu haitawezekana, akifia njiani je. Mama akasema basi niliegeshe uani, karibu na mlango. Kila alasiri nilikuwa nambeba, mwepesi mno, namlaza kwenye kiti cha mbele, naliwasha. Unajua halina sauti. Anafumba macho, ananiuliza, "Tumefika wapi?" Namwambia tumetoka mjini. Tumepita darajani. Tumefika kwenye kiwanda cha matofali, moshi unaonekana. Akichoka tunalala hapo, kesho tunaendelea. Akiniona naruka mahali ananirudisha, "Hujapita shule ya bweni, unataka kunidanganya?" Tulisafiri hivyo siku nyingi kuliko ambavyo ingetuchukua kweli.

Jumatatu alasiri tukafika. Nikamwambia mama, lile pale geti. Akaniambia, "Piga honi. Sikio atasikia." Nikapiga. Jirani wa juu akachungulia dirishani. Mama akasema piga tena, atakuwa gerejini. Nikapiga tena, ndefu. Akangoja, kichwa amekiinamisha upande kama wewe. Kisha akatabasamu akasema, "Anakuja. Navisikia viatu."

Hakuamka vizuri tena baada ya hapo.

Barua yako ya Mei imefika jana. "Hiyo inaitwa kukodi." Nilikukasirikia, Mjomba, sijawahi kumkasirikia mtu hivyo. Nilitaka kuichana, nikaona umeandika habari ya godoro, nikashindwa.

Niambie jambo moja. Kwa nini hukupokea simu? Hakuwa na shida ya gari wala ya chumba. Mpaka wiki ya mwisho alikuwa anabonyeza jina lako, anaiweka kifuani, inaita. Alitaka sauti yako tu.

Mpwa wako


13 Juni

Mwanangu,

Dereva alifika kama alivyokuahidi. Nilikuwa chini ya gari la mtu, akanigusa mguu. Sikujua kama amegonga, wala kama ameita. Alisimama pale mpaka nikamaliza kusoma, halafu akanishika bega, akakaa na mimi. Mwambie ahsante ukimwona, sikuweza kumwambia.

Umeniuliza kwa nini sikupokea simu. Simu haikuwa na hitilafu. Mwenye hitilafu ni mimi. Sisikii, mwanangu. Sikio la kushoto lilianza kufa mwaka juzi, nikawa nageuza la kulia kwa wateja, wakadhani ni madoido ya kifundi. Kisha la kulia nalo likafa. Mashine za kusaga vyuma, honi, nyundo, miaka yote ile bila kuziba chochote masikioni, daktari amesema hivyo. Nilikuandikia kwamba siyapendi magari yasiyo na sauti. Kwangu mimi magari yote siku hizi hayana sauti. Wateja hawakupungua kwa sababu ya kompyuta.

Simu ya dada nilikuwa naiona. Inawaka, jina lake linatokea, inatetemeka juu ya meza. Nilikuwa naishika mkononi mpaka inapoacha. Nikiipokea nitasema nini? Ataongea, nitajibu mambo yasiyohusiana, atajua. Mtu aliyenipa jina la Sikio, nimwambieje kwenye simu? Mwanzoni mwa mwezi huu nikaizima, nilishindwa kuiona inatetemeka. Laiti ningepokea nikasema neno lolote, hata jina lake, bila kusikia jibu. Wewe umesema alitaka sauti yangu tu. Sauti ninayo. Hilo sijui nitalibeba vipi.

Sikiliza na hili, uwe na haki ya kunikasirikia vizuri. La betri sikukudanganya, dalili ulizoniandikia ndivyo zinavyosomwa. Lakini mteja mwingine yeyote ningemwambia, mtafute fundi aifungue kwanza, atazame inapovuta hewa. Wewe nilikwambia subiri. Kusubiri kulinifaa. Daktari wa mjini aliniagizia kifaa cha kuvaa sikioni, akasema kitafika mvua zikiisha. Nikajiambia dada aje kikiwa kimefika, nimsikie akinitukana pale getini. Nilimchelewesha kwa ajili hiyo. Hata gari la yule daktari wa meno lilikuwa tayari kuuzwa tangu Aprili.

Kifaa kimefika wiki iliyopita. Nilikivaa. Kinavuma tu, kama redio isiyoshika stesheni. Daktari amesema nimechelewa. Nimekirudisha kwenye boksi lake.

Ungeniambia anaumwa, ningekwambia nunua gari hilo hilo, siku hiyo hiyo, hata kama betri imebakiza mstari mmoja. Hapana, hata nunua nisingekwambia, ningekuja mwenyewe kulisukuma. Lakini alikukataza, na wewe ulitii, na mimi nilificha langu. Sisi watu watatu tulipendana vibaya, mwanangu. Silali nikilifikiria.

Uliniuliza mwezi wa pili kama gari linafaa kununuliwa, na mimi fundi sijakujibu bado. Linafaa. Lilimfikisha.

Sasa nakuomba uje nalo. Usingoje barabara ikauke. Njoo kupitia njia yote, darajani, kiwanda cha matofali, usiruke shule ya bweni. Mito yake yote njoo nayo, lakini usiiweke nyuma, iweke kiti cha mbele alipokuwa anakaa. Chumba kiko tayari, rangi ya maziwa haina harufu tena. Utalala wewe, na asubuhi utanipeleka huko kwenu, kwenye kaburi lake.

Mlango wa uani sikuutia mafuta. Sikujua kama bado unalia, mpaka jana nilipoufungua polepole kwa mkono wazi, nikausikia kwenye kiganja. Bado unalia.

Ukifika getini, piga honi. Najua sitasikia. Ipige hata hivyo, halafu ipige tena, ndefu, kama alivyokuambia. Nitakuwa nimekaa pale nje natazama barabara, nitauona mkono wako kwenye honi, nitasimama nije. Nitavaa viatu vya kazini, vile alivyovisikia.

Mjomba wako